Blanketi ya Mama na Kofia za Chui

Tate, babu yangu,

Jumamosi tulimaliza matanga yako. Najua swali lako la kwanza, kwa hiyo nalijibu mbele ya salamu: ndiyo, nyama ilikuwako. Mbuzi mumoja, munene, pamoja na kapu la samaki ambalo Mama Veneranda, muuza samaki wetu, alileta kutoka Tchomia ziwani akilia njia yote. Alipofika alipangusa machozi, akauliza kama tuko na pilipili.

Nakuandikia kwa sababu, unajua mwenyewe, kinywa changu hakinisaidii. Weye ndiye uliyenipa jina la Radio Bila Mawe. "Angalia hii radio," uliwaambia wateja. "Iko nzuri, iko na antena, lakini mawe ya betri ya kuiwasha hakuna." Mimi nilikuwa chini ya meza yako nakata nyuzi, najifanya sisikii. Shuleni mwalimu akiniuliza kwa Kifaransa, jibu linatoka kwa Kiswahili. Nyumbani Mama akiniuliza kwa Kiswahili, jibu linatoka kwa Kifaransa. Mwishowe nanyamaza kwa lugha zote mbili.

Lakini Jumamosi, Tate, nilisema. Mbele ya watu wote. Mbele ya Kamanda Chui. Nataka usikie kutoka kwangu kabla Bibi hajakuelezea vibaya huko muliko.

Nianze na chui, maana yote yalitoka kwake.

Hukuwahi kuona chui hata mumoja. Tusidanganyane, sasa umekufa. Ulijifunza kushona kwa mapadri, ukakaa nyuma ya mashine yako kwenye baraza letu la Nyakasanza mpaka nywele zikawa nyeupe, na munyama mukali kuliko wote aliyepita mbele yako alikuwa paka wa jirani, ambaye ulimupandia kiti kwa woga. Lakini ukianza kuzungumza juu ya chui! Wakati wa baba ya baba yako, ulisema, mutu akiua chui porini hathubutu kumuchuna. Anamubeba muzima muzima mpaka kwa chifu, na ndevu zake zinachomwa mbele ya watu, juu ndevu za chui ni sumu, na ngozi yake si nguo, ni kiti cha utawala.

Wateja wako walisahau nguo zao wakabaki kubishana. Pasteri alikuwa wa simba. Biblia inasema Simba wa Yuda, aliteta, haisemi Chui wa Yuda. Ukamujibu: "Pasteri, Biblia iliandikwa na watu wenye hawakufika Ituri." Muzee Kato, kaka ya Bibi, alisema munyama wa nguvu ni dume la ng'ombe, kwani ni nani katika ninyi aliyewahi kupeleka chui kwa wakwe? Mama Veneranda akatua kapu, akasema wanaume wote hawa hawajui kitu: ziwani mufalme ni kiboko, anapindua mutumbwi kabla ya kufungua jicho la pili. Mimi nilijua kwamba ndani ya kitabu chetu cha Kifaransa mufalme ni simba, amechorwa na taji kichwani. Lakini nani angemuuliza radio isiyo na mawe?

Uliwamaliza wote na ile noti ya Zaire uliyochunga ndani ya kopo la vifungo. Haikununua tena hata sindano, lakini chui alikuwa amechorwa juu yake. "Ile serikali ilikufa," ulisema ukiinua noti kwenye jua. "Chui angali anaangalia."

Halafu vita ikaingia muji, na wanyama wakatoka kwenye mabishano yenu wakaingia barabarani. Kila kijana mwenye bunduki alijichagulia jina. Avenue yetu peke yake ilikuwa na Simba wawili wasiosalimiana, na Mamba ambaye hakujua kuogelea. Na Chui. Chui alikuwa mutoto wa Mama Odette, muuza mandazi. Weye mwenyewe ulikuwa umemushonea kaptula ya masomo, na ukamushonea tena alipoipasua kwenye muembe wa watu.

Unakumbuka alivyokuja. Nyuma yake wenzake, mbele yake bunduki. Alitaka kofia ya ngozi ya chui, sawa ya wakubwa wa zamani, na aliitaka siku ile ile. Ulimuangalia sawa vile unaangalia kitambaa chenye panya wamepita. Ukavuta mita shingoni, ukamupima kichwa, ukasema yale maneno ambayo ulimwambia kila mutu, tangu bwana harusi mpaka padri:

"Kichwa nimekipima. Ya ndani, mita yangu haifike."

Wenzake wakacheka. Yeye hapana.

Ngozi ya chui hakuna. Ukaingia nyumbani, ukatoka na blanketi ya Mama. Ile nzito, ya manyoya, iliyovuka ziwa kutoka Uganda na kushukia Mahagi-Port. Ile yenye munyama mukubwa amelala, macho ya manjano, anakuangalia sawa vile yeye ndiye mwenye kitanda. Nilikusogelea nikakunong'oneza: Tate, ile hapana chui, iko na mistari, kwenye kitabu wanaiita tigre. Ulinijibu bila kusimamisha mukasi:

"Tigre ni chui mwenye alivaa pantalon ya mistari."

Na Kamanda alipouliza mbona munyama wake hana madoa, hukumeza hata mate. "Huyu ni chui ya ziwa," ulimwambia. "Anaogelea sana. Maji ilivuta madoa yake, ikakuwa mistari." Akakubali! Alijiangalia kwenye kioo cha dirisha, na shingo yake ikaongezeka urefu hapo hapo.

Ndani ya kofia uliweka bitana. Kitambaa kizuri hakikuwako, basi ukachukua pagne ya zamani ambayo Mama alinibebea mugongoni, ile ya vifaranga vya njano. Ulikata polepole, ukashona vifaranga vikiangalia kichwa cha Kamanda, na uso wako ulikuwa wa mutu anayesali.

Mama aliporudi akakuta kitanda kitupu, kilio chake kilisikika mpaka Mudzipela. "Papa! Sasa usiku tutajifunika nini? Utawala?" Ukamwambia: "Ilikuwa blanketi ao mulango." Akaangalia mulango. Ulikuwa ungali umesimama. Akaenda jikoni, lakini chakula cha jioni ile hakikuwa na chumvi, na sote tulijua ni kwa nini.

Kofia moja ikazaa kofia. Wenzake Chui wakataka. Halafu wao wakafukuzwa muji, wakaingia wale wa upande wa pili, wa kabila la Bibi, na wao nao walikuwa na vichwa. Ukawapima na mita ile ile. Wa kwanza walikuwa wamechukua mugongo na mukia. Wa pili walipata kifua na miguu. Siku walipopigana kwenye barabara kubwa, siye tumelala chini ya kitanda, ulininong'oneza:

"Ona ujinga. Munyama mumoja, anajipiga mwenyewe."

Mama akaongeza kutoka gizani: "Na blanketi ni yangu."

Tate, nilicheka. Risasi zinalia nje, nami nimejiziba mudomo na mukono nisicheke kwa sauti. Mpaka leo sijui kama ni dhambi.

Kwenye blanketi ilibaki sura tu. Macho mawili, pua na sharubu. Mama na mimi tulijifunika nayo kwa zamu, miguu nje.

Halafu tulikimbilia kambi ya karibu na uwanja wa ndege, na pale tumbo likakushika, na dawa haikuwako. Sitaandika mengi juu ya hapo. Tulikuzika haraka, ndani ya bashi, turubai la plastiki, weye mushonaji, bila hata mushono mumoja. Pasteri alifupisha wimbo kwa sababu risasi zilikuwa zinaitikia. Na hakuna mujukuu aliyekucheka. Unajua kwetu: muzee akizikwa bila mujukuu kuvaa nguo zake na kumuigiza mpaka watu wacheke, yule muzee hajaenda. Amekaa mulangoni, kofia mukononi, anangoja aagwe. Kila mara niliporuka kizingiti chetu, nilikuomba samahani kwa kukukanyaga.

Kabla sijafika kwenye matanga, pokea kwanza habari za wanyama, juu hakuna mwingine wa kumupelekea.

Wafaransa walikuja. Ndege zao zilipita juu ya mabati mpaka misumari ikataka kutoka yenyewe. Watu wa bunduki wakaficha bunduki, nasi tukatoka kambini tukarudi nyumbani. Basi muji wote ukawa na swali moja: watu wa nguvu hivi, munyama wao ni nani? Mama akanisukuma niulize, juu mimi ndiye wa Kifaransa. Nilingoja askari mumoja amalize chupa yake ya maji, nikamuuliza nikiangalia viatu vyake.

Tate, ni jogoo.

Jogoo! Na alisema kifua mbele. Niliporudi na jibu, Mama Veneranda alisema Kifaransa changu kimeoza. Muzee Kato peke yake alifikiri sana, akasema: "Hapana, iko na maana. Kila asubuhi simba anaamushwa na nani?"

Baadaye wakaja wengine wa kofia za blu, watu wa inchi ya mbali inayoitwa Bangladesh. Siku moja ile sura ya blanketi ilikuwa kwenye kamba, inakauka. Askari mumoja mwenye sharubu akasimama kwenye uzio wetu, akavua kofia yake ya chuma. Nilifikiri tumefanya kosa. Akanyosha mukono akagusa ile pua na kidole, akasema "bagh". Akasema tena, "bagh", na macho yake yakalowa. Yeye hana Kifaransa wala Kiswahili, mimi sina kinywa. Tulielewana vizuri kabisa. Akaonyesha kwa mikono: mukubwa hivi. Akajipiga kifua, akaonyesha mbali: kwetu. Halafu, Tate, kama umesimama kaa, akafanya mikono yake sawa mutu anayeogelea.

Anaogelea! Kwao munyama wa mistari anaogelea! Ule uwongo wako wa chui ya ziwa, ulioutoa kichwani hata chai hujanywa, kumbe ng'ambo ya bahari ni kweli tupu. Nilicheka mpaka askari naye akacheka bila kujua kwa nini. Nikakimbia ndani kukuambia. Nilikuwa nimeshafungua kinywa, nimeshasema "Tate", nikakuta mashine imefunikwa.

Basi. Matanga.

Wajukuu wako wengine wote walivuka ziwa, wako Uganda. Nilibaki mimi. Mama Veneranda alijitolea kukuigiza, na angekuigiza vizuri kuliko weye mwenyewe, lakini si mujukuu. Mama akanipa koti lako la kijivu, lingali na vumbi la chaki yako ya kukatia nguo, na mita, na miwani yako yenye uzi, akasema: "Kama ni Radio, basi tutasikiliza Radio." Wiki nzima nilijifunza mbele ya kuku. Kuku walivumilia.

Siku yenyewe watu walijaa. Lakini walijaa vibaya, Tate. Watu wa upande wako walikaa kushoto, watu wa upande wa Bibi walikaa kuume, na katikati waliacha nafasi ambayo lori la samaki lingepita bila kumugusa mutu. Muzee Kato, aliyekula kwenye sahani yako miaka yote, alikaa ng'ambo ile na kuangalia koti lako kwa mbali. Hakuna aliyezungumza. Kama ungekuwako ungesema ni kikao cha meno mabovu.

Ndipo Mama Odette akaingia, na nyuma yake mutoto wake. Bunduki zimekatazwa muji sasa. Kofia hazijakatazwa. Alikaa mustari wa mbele, katikati kabisa, kofia ya blanketi kichwani.

Mama alinivuta jikoni na sikio. "Usiseme chui. Usiseme kofia. Usiseme blanketi." Nikamuuliza, sasa ninabaki na nini? "Sema alikuwa mutu muzuri." Tate, hakuna mutu aliyewahi kucheka juu ya hiyo.

Nilitoka. Nilisimama mbele ya watu na koti lako likanifika magotini. Nikafungua kinywa. Mawe hakuna. Mutoto mumoja akakohoa. Pasteri akaanza kufungua Biblia kwa huruma. Nikaona kwamba nitakuacha mulangoni milele, sababu ya aibu yangu tu, na nikatamani ardhi inimeze pamoja na koti.

Halafu paka wa jirani akapita. Alikuwa amesikia harufu ya samaki. Sikufikiri, miguu yangu ilifikiri. Nikaruka juu ya kiti, nikakunja koti sawa vile ulivyolikunja, nikasikia sauti yako inatoka kwangu, ile ya kukwaruza: "Chui! Wakati wa baba ya baba yangu! Mutoeni kwanza yule paka!"

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa wanawake, kushoto. Cha pili kilitoka kuume, kwa Muzee Kato, akajaribu kukigeuza kikohozi, kikamushinda. Nikaendelea. Nikabishana na Pasteri juu ya Yuda. Nikapima tumbo la Mama Veneranda, nikajifanya mita imekwisha. Watu walipiga mapaja. Nilikuwa na mawe, Tate! Nilikuwa na mawe mapya!

Mutu mumoja hakucheka. Na ukimya ukaanza pale alipokaa, ukaenea sawa mafuta ya taa kwenye nguo, mpaka ukafika nyuma.

"Radio," Kamanda Chui akasema. "Siku ile ulimunong'oneza muzee kitu. Nilikuona. Weye mwenye ulisoma, sema leo. Hii kofia ni ya chui ao hapana?"

Nilimuangalia Mama, midomo yake ilikuwa inasali. Nikisema ni chui, anajua nadanganya. Nikisema ni tigre, ya wageni, anakuwa mutu aliyepigana vita nzima chini ya munyama wa watu wengine, na kila mutu anasikia. Nilishuka kwenye kiti. Nikaenda mpaka kwake, karibu sana, sijawahi kumukaribia kijana hivi. Nikavuta mita shingoni, nikamupima kichwa, kofia ikiwa juu. Nikasema na sauti yako:

"Kichwa nimekipima. Ya ndani, mita yangu haifike."

Halafu sauti yako ikaisha, ikabaki yangu tu, ile ndogo.

"Ni blanketi," nikasema. "Ni blanketi ya Mama. Na usiku baridi iko."

Nilisikia mbuzi anachemka ndani ya sufuria.

Mama Odette ndiye aliyeanza. "Nilisema!" akapiga kelele. "Nilisema mimi ile kofia inanuka kitanda!" Akamunyang'anya mutoto wake kofia, akaipindua, na vifaranga vikatoka. Vya njano, vimepangwa vizuri, bado vinaangalia. Tate, Chui alibeba vifaranga kichwani vita yote.

Sijawahi kusikia kicheko sawa kile. Hakikuwa na kushoto wala kuume. Pasteri alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya Jumapili. Kamanda aliangalia vile vifaranga muda murefu, akagusa kimoja na kidole, na uso wake ukarudi ule wa mutoto mwenye kaptula iliyopasuka. "Muzee alinidanganya," akasema.

"Alidanganya sote," mutu akajibu kutoka kuume. Kijana mumoja akasimama, akatoa kofia mufukoni, imekunjwa ndogo, juu bila shaka hakuthubutu kupita nayo barabarani. Akavuka ile nafasi ya lori. Akaiweka kwenye mukeka. Mwingine wa kushoto akatuma mutoto nyumbani kuchukua yake. Mama akaleta sura. Wanawake wakafumua kofia na viwembe, wakainama kupanga vipande, na hapo ndipo uchungu wote wa muji ukapata kazi: "Hapana, ile ni paja!" "Paja gani, dada, hujui paja? Ni bega!" Watu wa Bibi na watu wako, vichwa pamoja, wanagombana juu ya matako ya munyama ambaye hakuna aliyemujua.

Muguu mumoja wa mbele haukuonekana. Mama mumoja wa upande wa Bibi alisema polepole ni nani aliyekuwa anauvaa. Hatukuuliza tena. Mama Odette akamusogezea kiti.

Kamanda aliondoka kichwa wazi. Kumbe ana masikio makubwa.

Nimefunua mashine, Tate. Nimeshona vipande vyote, mushono wako wa mara mbili, ambao hauachii. Ule muguu uliokosekana nimeukata kwenye koti lako, na siombi ruhusa, juu na weye hukuomba ya blanketi. Kwa hiyo sasa ni kweli: chui wako amevaa pantalon. Jana Mama alijifunika mpaka kwenye vidole. Alisema tu, "Papa ananuka chaki." Akageuka ukutani.

Nakuahidi mashine hii haitalala. Nitashona kaptula za masomo na nguo za komunyo, na nitashona tena zikipasuka. Kofia za wakubwa, hapana. Akija mutu kutaka munyama wa nguvu, nitamupima kichwa, nitamwambia yale maneno, na mawe ninayo ya kuyasema.

Sasa toka mulangoni, Tate. Umechekwa vizuri, na pande zote mbili. Enda. Musalimie Bibi. Na ukikutana huko na chui wa kweli, hatimaye, muangalie kwa niaba yetu kama ana madoa ao mistari. Kiti usipande.

Mujukuu wako,
Radio